Mwenyekiti Hapandi Ngazi

Ijumaa ile, kama kawaida, wahudumu wawili walimbeba Kiondo kama gunia la mkaa, wakampandisha ngazi za kituo cha afya hadi chumba cha mazoezi, huku wagonjwa wakitazama. Kiti chake cha magurudumu kilibaki uani.

Aliposhushwa alimkuta Dakta Mbonea, mganga mfawidhi, akikagua maua.

"Dakta, tujengee njia ya mteremko."

"Saruji iliyopo ni ya bustani," Dakta alicheka. "Wewe si unabebwa kama bwana harusi? Unataka nini tena?"

"Basi, yaishe. Ila nimepita ofisi za halmashauri leo. Jumatatu mwenyekiti anakuja hapa, na ngazi hapandi. Miguu inamsumbua."

Dakta aliacha kucheka. Mwenyekiti wa halmashauri! "Tukimbeba je?"

"Mbele za watu? Atakasirika huyo! Namjua kama ninavyojijua mwenyewe."

Jioni ileile mafundi waliitwa, na saruji ya bustani ikamwagwa mlangoni.

Jumatatu Dakta alisimama juu ya mteremko mpya, tai shingoni, akingoja gari la mkubwa. Akaja Kiondo, akisukuma magurudumu yake taratibu mpaka juu.

"Hebu pisha, bwana! Mwenyekiti yuko wapi?"

"Si huyu hapa, Dakta? Kwani unamwona nani mwingine mwenye kiti?"

Wagonjwa waliangua kicheko. Dakta aliutazama mteremko. Ulikuwa umekwisha kukauka.

Asubuhi iliyofuata Kiondo alirudi, safari hii akiongozana na wenyeviti wenzake wote wa tarafa.