Ufunguo Mmoja wa Bwana Nangale

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Nina kesi iliyonikaa kooni tangu niliposimuliwa, na leo nawatwisha nyinyi.

Walikuwapo madereva watatu, leseni zao za malori bado zikinuka upya. Lusajo wa Tukuyu alikuwa na sikio: injini ikipita barabarani, anakuambia inaumwa nini. Sikudhani wa Handeni alikuwa na mkono: lori lenye tela alilirudisha kinyumenyume uchochoroni bila kugusa ukuta. Mashauri wa Misungwi alikuwa na mdomo: trafiki alikuwa anacheka kabla hajaomba leseni.

Kila mmoja aliuza kitu ili asomee udereva. Sikudhani aliuza cherehani iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake. Nyumbani hapakuwa na kazi ya kurudia.

Wakaenda kwa Bwana Nangale, mwenye malori kule Mbozi, wakauliza mshahara. Akacheka, kwa upole kabisa.

"Dereva mpya hana mshahara, ana posho ya safari. Gari likitembea mnakula, likisimama mnafunga. Likichelewa nakata. Dizeli ikibaki kwenye tangi, ni yenu."

"Na mshahara unaanza lini, bosi?" Sikudhani aliuliza.

"Nafasi ya mshahara ninayo moja. Pelekeni kahawa hii bandarini, wote watatu kwenye gari moja. Posho ni ya mtu mmoja, mtagawana. Mkirudi, nitamwajiri mmoja wenu."

Simwiti mtu huyu mwovu. Naye alianza hivyo hivyo, akilala chini ya tela na kuoga kwenye mito, na anaamini ndivyo dereva anavyopikwa. Lakini hasira zenu ziwekeni karibu, mtazihitaji.

Walipofika Makambako, Lusajo alisikia mlio mwembamba chini ya gari. Bomba la upepo wa breki lilikuwa linavuja. Kumtafuta fundi kungekula siku nzima, na siku nzima ilikuwa posho yote. Akanyamaza.

Walipoipita Iringa, Mashauri akasema, "Dada Siku, toa gia tuteremke fri. Kila tone litakalobaki ni ugali."

Kuteremka fri ndiko huko: gia imetolewa, lori linajiendea kwa uzito wake, na breki peke yake ndiyo ya kulizuia. Sikudhani alifundishwa kwamba hilo halifanywi. Ila tangu jana yake walikuwa wamegawana sahani moja ya wali. Akatoa gia.

Mlima Kitonga una mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Mteremko ulipoanza tu, Sikudhani alikanyaga breki, nayo ikazama kama amekanyaga matope. Akajaribu kurudisha gia. Gia ikasaga meno, ikakataa.

Lusajo alifumba macho akaisikiliza injini. "Ongeza mafuta," alisema. "Bado. Bado kidogo. Tia!" Gia ikaingia. Bila sikio lile isingeingia kamwe.

Gia ilipunguza mwendo, haikusimamisha gari. Sikudhani akalisogeza kwenye mwamba, akalikwaruza ubavu polepole, chuma kikilia, mpaka likasimama kwenye kona limeziba njia nzima. Bila mkono ule, kahawa na watu wangekuwa korongoni.

Na chini ya kona ile basi lilikuwa linapanda. Mashauri aliruka na shati mkononi, akakimbia akilipunga na kupiga kelele, na dereva wa basi akashika breki hatua chache mbele yake. Watu wakajaa, wengine na ndoo, macho yakiwa kwenye magunia. Mashauri akawachekesha, akawabembeleza, mwisho wakamsaidia kuweka mawe chini ya matairi. Dereva wa kampuni nyingine aliyekuwa nyuma ya basi akashuka kutazama.

"Nyie wa Nangale? Mnaolipwa kwa harufu ya dizeli?"

"Hata hiyo harufu tunagawana, kaka," Mashauri akajibu. "Leo kila mtu kanusa mara moja tu."

Yule dereva alicheka hadi akajishika kiuno, kisha akafungua boksi lake la vipuri akawapa bomba. Bila mdomo ule, basi lingegonga lori, na lori lisingeondoka pale.

Kahawa ikafika bandarini. Waliporudi Mbozi, Bwana Nangale alilizunguka lori, akapapasa ubavu uliochubuka.

"Rangi hii nitaikata kwenye posho," alisema. Ofisini akaweka mezani ufunguo wa lori la mwenye mshahara, karibu na kikombe chake cha chai. "Haya. Nani?"

"Mpe Sikudhani," Lusajo alisema. "Yeye ndiye aliyelisimamisha."

"Usinigawie kama sadaka, Lusajo! Mimi ndiye niliyetoa gia. Na wewe umekiri mwenyewe: ulisikia upepo unavuja ukanyamaza."

"Na mimi ndiye niliyesema fri," alisema Mashauri, na safari hii hakuna aliyecheka.

Sikudhani akatazama dirishani. Uani malori manne yalikuwa yamepakiwa, hayana madereva.

"Bosi, na yale ataendesha nani?"

"Wa posho." Bwana Nangale akanyoosha kidole langoni, ambako vijana wenye leseni mpya walikuwa wamejipanga juani. "Nikiwalipa nyinyi watatu mshahara, nani tena atakubali posho?"

"Kwa hiyo nafasi si moja."

"Ni moja kwa sababu nimesema moja. Nikimaliza chai hii hamjachagua, ufunguo unakwenda langoni, na nyinyi watatu hamna kazi kwangu, hata ya posho."

Sikudhani akaweka kiganja juu ya ufunguo. Hakuuchukua, hakuuachia. Akiuinua, mtu mmoja ana mshahara na wawili wanarudi kwenye posho. Akiuacha, wote watatu wako nje, na mlima Kitonga utashukwa na mwingine mwenye njaa.

Sasa semeni, nyinyi mlioshiba na nyinyi msioshiba. Wote watatu waliliponza gari lile, na wote watatu waliliokoa. Aliyesikia, aliyeshika, aliyesema: ungempa nani ufunguo? Na kama unaona hakuna anayestahili kuupokea peke yake, basi mwambie Sikudhani aufanyeje mkono wake. Fanya haraka, kikombeni limebaki funda moja.