Nyamizi na Maua ya Vanila

Mtu mmoja alikuwa na shamba la vanila kwenye kilima cha Bukoba, upande ambao ukungu huchelewa kuondoka. Aliitwa Ta Byabato, Ta likiwa neno la heshima la Wahaya kwa mwanamume mzima. Alikuwa na ardhi kubwa na hakuwa na choyo. Kila mwaka alipokea watu wa mbali waliotaka kujifunza kazi hiyo, akampa kila mmoja mstari wa mimea iliyokwisha kukomaa, imepanda juu ya miti yake ya kuegemea, tayari kuchanua. Ahadi yake ilikuwa moja. Maua yatakapokwisha, atapita mwenyewe akikagua. Ambaye mimea yake itakuwa imeshika maganda, ndiyo matunda ya vanila, atapewa nusu eka kando ya shamba, na marando ya kupanda, iwe mali yake. Ambaye hatakuwa na kitu atarudi kwao.

Mwaka huo alikuja Nyamizi kutoka Meatu, Usukumani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu utoto alikuwa amelima pamba. Shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa kaka zake watano, na yeye na mama yake wakabaki wageni pale pale walipozoea kuvuna. Siku ya safari mama alimfungia nguo zake, akamsindikiza hadi stendi, akamwambia asihangaike kurudi kumsalimu. Akipata mahali, amwite. Nyamizi akaondoka na neno hilo, na halikuwa jepesi.

Wanafunzi wa mwaka huo walipofika, walikaribishwa kwa chai na ndizi, na siku hiyo hiyo wakaelezwa kila kitu. Kivuli, matandazo, maji, jembe linakaa wapi, choo kiko wapi, saa za kazi. Mvua ilikuwa inapiga bati. Aliyewaeleza alikuwa Ta Ishengoma, mzee mpole aliyekuwa na vanila miaka thelathini. Alipofika kwenye maua alisema tu kwamba yakianza kufunguka wafanye kama kawaida, na asiyejua kawaida amfuate kibandani. Kibanda kile Ta Byabato alikuwa amekijenga kwa moyo mmoja. Kilikuwa na meza, viti viwili, picha ya ua iliyochorwa kubwa ukutani, na mlango unaofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Juu ya mlango kulikuwa na ubao: Mwenye shida aje.

Nyamizi alisikia neno kawaida, akaona halimsumbui. Kawaida alikuwa anaijua. Pamba huchanua leo, kesho ua hunyauka na kuanguka, na pale lilipoanguka hubaki tunda. Mkulima hana la kufanya hapo isipokuwa kuwatoa funza.

Mstari wake ulipakana na wa dada wawili wa Muleba, waliokuwa wameshika vanila ya bibi yao kabla ya kujua kusoma. Hawakuwa watu wabaya. Walimuuliza kwao kunalimwa nini, akasema pamba, basi wakamwita Dada Pamba, wakacheka, naye akacheka. Baada ya hapo wakarudi kwenye Kihaya chao. Wakati wa chakula walimsogezea sahani na kuendelea na maongezi yao, na Nyamizi alikula akitazama midomo yao, akicheka walipocheka, sekunde moja nyuma.

Maua yakaanza. Ua la vanila hufunguka alfajiri, na jua likifika utosini limekwisha. Ndani yake kuna utando mwembamba kama kucha ya mtoto mchanga, unaotenganisha unga wa kiume na mahali unapotakiwa kufika. Katika nchi yetu hakuna mdudu anayeujua utando ule. Lazima mtu aje, asubuhi ile ile, aunyanyue kwa mwiba na kubonyeza kwa kidole gumba. Asipokuja, ua linaanguka na kikonyo chake, na hakuna kinachobaki.

Nyamizi aliwaona dada wa Muleba wameinama kila asubuhi, kila mmoja na mwiba wake, wakigusa ua baada ya ua. Akasema moyoni: wana funza. Akainama na yeye. Alichungulia maua yake yote, moja moja, kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kupoteza ekari mbili kwa funza, na hakuona hata mmoja. Akamshukuru Mungu kwamba mstari wake ni safi. Kisha akaenda kuchota maji.

Maua yalipoanguka, alifurahi. Aliyafagia vizuri chini ya miti. Alipalilia mara mbili pale wenzake walipopalilia mara moja. Aliongeza matandazo. Watu waliopita njiani walisimama kutazama mstari wake, ukiwa umenyooka na majani yake yaking'aa, wakampongeza, naye aliyachukua maneno yale mpaka kitandani kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua pa kuiweka.

Siku moja, katika wiki ya tatu, alipita karibu na kibanda. Ilikuwa Jumapili, na tangu Ijumaa alikuwa hajaitwa kwa jina lake na mtu yeyote. Alimwona Ta Ishengoma amekaa peke yake mbele ya kile kiti cha pili kitupu. Akasimama mlangoni, akamwamkia. Mzee akaitikia kwa uchangamfu, akamuuliza ana shida gani. Nyamizi akatafuta shida, akaikosa. Alitaka tu kukaa. Akasema hana shida, alikuwa anasalimia. Mzee akamwambia vizuri sana, karibu siku yoyote ukiwa nayo. Nyamizi akashukuru, akaondoka, na mzee akarudi kwenye chai yake, akisikitika kidogo kwamba watu wa siku hizi hawaulizi.

Zilipotimia wiki sita, maua yakaisha. Ta Byabato akaja kukagua. Kwa dada wa Muleba maganda yalining'inia mabichi, marefu, mengi kama vidole vya umati wa watu. Akavuka kwenye mstari wa Nyamizi. Alitembea polepole, akiinua majani. Alifika mwisho, akarudi, akiinua majani. Hakukuwa na ganda hata moja. Hakuwahi kuona mimea iliyotunzwa vile ikiwa mitupu vile.  Akamgeukia Ta Ishengoma, akamuuliza kama huyu hakuwahi kufika kibandani. Mzee akajibu, kwa uchungu wa kweli, kwamba mlango ulikuwa wazi kila siku, hata Jumapili, na kwamba binti mwenyewe alifika akasema hana shida.

Wote wakamtazama Nyamizi. Yeye alikuwa bado anatazama mimea, mahali ambapo kwa hesabu za kwao palipaswa kuwa na tunda.

"Mlango niliuona, mzee wangu," alisema. "Swali ndilo sikuwa nalo."

Ta Byabato alikuwa mtu wa ahadi, na ahadi haikuwa na mlango wa nyuma. Kama angempa Nyamizi ardhi, angewaambia nini wengine watatu walioambiwa warudi kwao asubuhi hiyo? Akamlipia nauli, akamtakia heri, akaingia ndani bila kula.

Nyamizi alifunga nguo zake. Hakujua aende wapi. Kwa mama yake kulikuwa na neno lile. Dada wa Muleba walilia walipoelewa. Mmoja wao alisema walidhani anachavusha mapema kuliko wao, kabla hawajaamka, maana alikuwa na bidii sana. Ta Ishengoma akambebea Nyamizi mfuko kwenda barabarani.  Kwenye mti wa mwisho wa mstari wa Nyamizi, mzee alisimama. Kulikuwa na ua moja lililochelewa, limefunguka asubuhi hiyo baada ya mengine yote kwisha. Akaweka mfuko chini. Akachomoa mwiba kwenye kofia yake, akamwekea Nyamizi mkononi, akaushika mkono huo, akaunyanyua utando, akabonyeza gumba la Nyamizi kwa gumba lake. Ilichukua muda mfupi kuliko kuamkiana.

Nyamizi alilitazama ua. Akatazama nyuma, mstari mzima, mti baada ya mti.

"Ni hivi tu?" akauliza.

Mzee akauinua tena mfuko. Gari lilipokuja, Nyamizi alipanda, akakaa upande usioliona shamba.

Basi, ninyi mnaopokea watoto wa watu vyuoni kila mwaka, mkawajengea maktaba, mkawafungulia ofisi za ushauri na kuandika juu ya milango kwamba wanakaribishwa: asubuhi ile moja ambayo kijana anafunguka, na yeye mwenyewe hajui kwamba kuna kitu anakosa, nani kati yenu huinuka kwenye kiti chake akaenda alipo?