Wagonjwa: Hakuna

Wapendwa, kaeni vizuri, na wenye simu zimeni, maana leo nina neno chungu kidogo. Nitawapa mfano. Mkianza kugeuka na kutazamana huko nyuma, shauri yenu. Mimi sijamtaja mtu.

Kulikuwa na mama mmoja, katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwao. Vikundi hivi mnavijua, nusu yenu mmo. Akifa mtu, wanachama wanafika asubuhi na mapema, wanapika, wanafariji, wanazika. Huyu mama ndiye aliyeshika daftari la mahudhurio na funguo za stoo ya masufuria, na kwa miaka tisa hakuwahi kukosa msiba hata mmoja. Aliyechelewa aliandikwa, na adhabu yake ilikuwa kuyasugua yale masufuria meusi mpaka yang'ae. Hakumwonea mtu haya. Mwanamke wa shoka, walimwita.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Kila asubuhi aliketi ukingoni mwa kitanda akiitazama miguu yake, akiibembeleza isimame. Kuvaa kiatu kimoja tu kulimmaliza nguvu. Usingizi ulikuwa umemkimbia, chakula alikionja akakiacha, vitu alivyovipenda zamani vikawa havimwambii kitu. Wala hakuwa amefiwa. Hakugombana na mtu, mume wake alikuwa mpole, na hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwa sababu hakuwa na cha kulaumu isipokuwa nafsi yake. Lakini akishajifunga kitenge na kupiga kilemba, tabasamu lilikuja lenyewe, akatoka. Huko msibani alisonga ugali wa watu mia mbili huku akiwatazama wafiwa wanavyolia, wameshikwa mikono huku na huku, na aliwaonea wivu. Ndiyo, wivu. Wao walikuwa na ruhusa ya kulia.

Sasa sikilizeni jambo hili. Katiba ya kikundi chao ilisema kwamba mgonjwa wa kutembelewa ni yule aliyekosa misiba miwili mfululizo. Maana yake nini? Maana yake anayefika haumwi. Na kifungu hicho alikiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, miaka ile alipokuwa mzima.

Siku moja kikao kilipofika kwenye mengineyo, mama akakusanya ujasiri wote uliobaki, akanyoosha kidole.

"Naomba na mimi niandikwe kwenye wagonjwa," alisema.

Wakacheka. Si kwa ubaya, walidhani anachangamsha kikao. Mwenyekiti akafuta macho, akamuuliza, "Mama katibu, unaumwa wapi? Juzi si ulibeba sufuria la wali peke yako?"

"Sina mahali panaponiuma," mama akajibu. "Kila kitu ni kizito tu."

Hapo kila mtu akawa daktari. Mmoja akasema wote wamechoka, hali ya maisha ndiyo hiyo. Wa pili akamwambia ashukuru Mungu, wapo wenye shida za kweli. Wa tatu alikuwa mcha Mungu sana, akasema labda mama amepunguza maombi. Wakasimama wakamwombea apate nguvu za kuendelea kuwatumikia. Mmesikia ombi hilo? Hawakuomba apone, waliomba asiache kazi. Kisha wakamtunza kitenge kipya kwa sababu ya mahudhurio yake mazuri, wakapiga vigelegele.

Mama akashukuru. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwake na muhtasari ni kazi yake, akainama akaandika, kwa mwandiko safi kabisa: Wagonjwa, hakuna.

Haikupita miezi mitatu, akaamka siku moja na miguu ikakataa. Kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Alisikia watu wakipita barabarani, akasikia akiitwa kwa mbali, akajifunika shuka. Saa tatu mlango ukagongwa. Hodi, hodi! Akachungulia dirishani, akawaona wanachama watatu, na moyo wake ukaruka kwa furaha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu. Wamekuja kunitazama, akajisemea. Aliona haya kwamba hana hata chai ya kuwapa. Alijikokota, akafungua mlango.

"Mama katibu, tupe funguo za stoo," wakasema. "Watu wanasubiri masufuria."

Akawapa. Mmoja aliyekwisha kugeuka akamuuliza kama yu salama lakini, naye akajibu salama tu, maana ndivyo alivyozoea. Wakaondoka mbio.

Nyuma yao, amechelewa kama kawaida yake, akatokea yule mwanachama aliyekuwa mzigo wa kikundi. Kila kikundi kinaye mmoja. Huyu alikuwa dada mmoja ambaye tangu ajiunge hakuwahi kufika mahali kwa wakati, na mikono yake ilikuwa na sugu za masizi. Aliwakosa wenzake, akamkuta mama bado amesimama mlangoni, mkono uko hewani.

"Wamekwenda," mama akamwambia. "Ukikimbia utawapata."

Dada hakukimbia. Alimtazama usoni, akauliza, "Usingizi unapata?"

Mama akatikisa kichwa. Akaulizwa ni tangu lini, akasema tangu mvua za mwaka juzi. Akaketi pale pale kizingitini.

"Mimi ilinianza nilipojifungua wa pili," dada akasema. "Ndiyo maana huchelewa. Kuinuka tu kitandani nachukua saa nzima."

Mama akafunika uso. "Na mimi nikawa nakuandika uoshe masufuria."

"Mara kumi na moja," dada akasema, na hakutabasamu. Kisha akaketi kando yake. "Kesho ni siku yangu ya kliniki. Kuna daktari wa magonjwa haya. Nitakupitia twende wote. Nitachelewa, lakini nitakuja."

Akaja. Mtaniuliza, mama alipona? Anameza dawa, anazungumza na mshauri, siku nyingine anaamka vizuri na siku nyingine anakosa msiba. Daftari analishika mwingine. Kikundi kinasema siku hizi amekuwa mvivu.

Sasa nawageukia ninyi, na mimi nimo. Katika watu wote wale wema, wenye kuwahi, wenye kuomba kwa sauti, ni nani aliyemwona mgonjwa? Ni yule tuliyempa masufuria. Na mgonjwa mwenyewe, aliyejua alfajiri zile zilivyo, hakumtambua mgonjwa mwenzake hata mara moja katika mara kumi na moja. Je, sisi tungemtambua? Sisi ambao dawa yetu kwa kila mtu ni jikaze?

Wewe uliyeketi hapa umevaa vizuri, umeimba vizuri, na jana hukulala, nakuomba usijiandike hakuna. Sema. Wakicheka, sema tena kwa mwingine, na uende hospitali. Maombi tutakuombea ukiwa njiani, hayagombani na daktari.

Na sisi wengine, tukitoka hapa tutawakuta waliopanga viti hivi na kufagia tangu saa kumi na moja alfajiri. Leo tusiwapongeze. Tumsogelee mmoja, tumuulize kama analala, kisha tunyamaze mpaka ajibu. Akisema salama tu, tusiondoke upesi hivyo, maana hata wale watatu waliambiwa salama, na funguo walikuwa wamekwisha kuzipata.