Fahali wa Mtemi Ndani ya Ngitili

Hapo zamani, babu wa babu zetu hawajazaliwa, nchi tatu zililisha ng'ombe kwenye bonde moja: Busegwa, Ilolo na Kanundu. Sehemu ya bonde ilikuwa ngitili, yaani nyasi zinazofungwa masika yote ili ziokoe mifugo wakati wa kiangazi. Sheria ilikuwa moja kwa wote: mnyama atakayeingia ngitili kabla haijafunguliwa, achinjwe, aliwe na watu wote.

Mlinzi mwaka ule alikuwa Milembe, binti wa Busegwa. Asubuhi moja akamkuta fahali mweupe anakula humo. Akamfunga kamba. Wachungaji wa fahali huyo wakaja mbio na mikuki.

"We mtoto, unajua huyo ni wa nani?"

"Wa Mtemi Lugendo wa Ilolo. Na nyasi alizokula, mnajua ni za nani?"

"Mwachie, tutakuchoma!"

"Nichomeni. Kamba siachii."

Mkono haukulegea mpaka watu wakajaa.

Mtemi Lugendo alikuwa na askari wengi kuliko nchi zile mbili kwa pamoja. Angeweza kumchukua fahali wake akaenda zake. Lakini akaja kwa miguu, akalaza mkuki chini. "Nimeshtakiwa," akasema. "Nimekuja."

Hakimu alikuwa Shigela wa Kanundu. Masikini Shigela! Fahali yule ndiye aliyetengwa na Mtemi awe mahari ya binti wa Shigela, na kwa mila ya Kanundu, bila fahali mweupe hakuna harusi, na mweupe mwingine hakuwapo. Mkewe akamnong'oneza, "Baba Ngolo, fikiri vizuri."

Shigela akafikiri. "Achinjwe."

Nyama ikaliwa. Ngozi ikawambwa ngoma ya baraza, na nchi itakayopewa ngoma ndiyo itakayoamua kesi za bonde zima. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Ije Busegwa," akasema Milembe, kifua mbele, ngoma mikononi. "Nisingemkamata, mngehukumu nini?"

"Binti, una mdomo!" Mtemi akacheka. "Lakini mnyonge kutii sheria si ajabu. Mimi nani angenilazimisha? Ije Ilolo."

"Ninyi mlikula mkashiba," akasema Shigela. "Nyumbani kwangu mtoto analia. Ije Kanundu."

Milembe akawatazama wote wawili. Alijivunia nchi yake, na kwa mara ya kwanza akajivunia na nchi za wenzake. Hata hivyo hakuiachia ngoma.

Haya, mliokaa hapa, msinyamaze: ngoma ile ilistahili kulia katika nchi gani?