Kiti Kimoja cha Jukwaa la Bati

Sogeeni, wenye masikio na wenye midomo. Aliyekuja kusinzia akasinzie kwao. Hadithi hii mwanzo wake ninao mimi, mwisho wake mtautoa nyinyi.

Mji wetu wa Mlimbo una wanawake watatu, majirani wa ua mmoja, na kila mmoja Mungu kamjalia lake. Somoe kapewa sauti. Akipiga kigelegele huku, ng'ambo ya mto watu wanaulizana nani kaolewa. Sikudhani kapewa mkono wa kupika. Ukikutana na harufu ya mihogo yake ya kukaanga, unasahau ulikokuwa unakwenda. Mwajabu kapewa ulimi. Neno likimtoka asubuhi, jioni linamrudia limeota mkia na pembe, naye mwenyewe anashangaa: "Hee! Kumbe?"

Kugombana hawagombani. Wanaazimana chumvi, wanazikiana. Ila mmoja akinunua kanga mpya, wawili usingizi hawaupati.

Sasa njooni kwenye mpira. Sisi Mlimbo tuna timu yetu, Nyuki. Ng'ambo ya mto, mji wa Kibaoni, nao wana yao, Radi. Mwaka huu chama cha mpira cha mkoa kikatoa amri: pande hizi ligi itachezwa kwenye uwanja mmoja tu. Kila timu icheze mechi moja kwao, watu wahesabiwe langoni, na kipindi cha pili kikianza lango lifungwe. Itakayopata watazamaji wengi, uwanja wake ndio uwanja. Wakilingana, wanachukua waliotangulia kucheza. Itakayoshindwa itavuka daraja msimu mzima kwenda kuitwa mgeni.

Radi wakatangulia. Wakapata watu elfu tatu mia moja na kumi na wawili. Mnajua walifanya nini? Waliiandika hesabu hiyo kwa chokaa kwenye ukuta wa uwanja wao, upande unaotazama mto, kila tarakimu ndefu kuliko mtu. Ukienda kufua, unaiona. Ukienda kuchota maji, unaiona. Wivu ukauvimbisha mji mzima kama hamira.

Maana sisi tulikuwa na nini? Siku ya jua, watu mia sita. Siku ya mvua, themanini na mbuzi wa mwalimu. Vijana wetu Jumamosi wanajazana kwenye vibanda umiza kutazama ligi ya Ulaya kwenye televisheni, wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Kipa wa Ulaya wanamjua mpaka jina la mbwa wake. Kipa wetu Shomari, aliyezaliwa nyumba ya pili, wanamwita "yule mrefu".

Mwenyekiti wa Nyuki, Mzee Mdimu, akasimama sokoni. "Atakayeujaza uwanja wetu, nitampa kiti!"

"Kiti?" Watu wakacheka.

"Kiti cha kuegemea, chenye mto, kwenye jukwaa la bati, kivulini, ubavuni kwangu. Jina lake litaandikwa mgongoni mwa kiti, na hatakikalia mwingine maisha yake yote."

Hapo kicheko kikakatika. Jukwaa lile lina nafasi sita, na tano ni za wakubwa. Sisi wengine mpira tunautazama juani, kanga kichwani, makalio juu ya tofali. Somoe akamtazama Sikudhani, Sikudhani akamtazama Mwajabu, Mwajabu akakitazama kiti ambacho hata kununuliwa kilikuwa hakijanunuliwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya muuza nyanya. Hakuna aliyenitazama.

Mechi yetu, dhidi ya timu ya mbali, ikapangwa Jumamosi, saa kumi.

Somoe alianza saa sita mchana. Akajifunga kibwebwe, akachukua ngoma, akapita nyumba kwa nyumba. Wanawake wa Mlimbo mpirani walikuwa hawaendi, wanasema ni jasho la wanaume. Somoe hakubishana nao. Alisimama mlangoni, akapiga kigelegele, akamwimba mama wa mchezaji: "Mzaa kipa huyo! Mzaa kipa mwenye mikono huyo!" Mama akiimbwa hivyo atabaki ndani vipi? Akitoka mama, anatoka shangazi. Akitoka shangazi, anatoka jirani kuona shangazi kavaa nini. Wakaingia langoni wanawake elfu moja na ushei, wanacheza.

Sikudhani alianza saa nane. Akapakia jiko na karai kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka kwenye vibanda umiza, akaangalia upepo unavuma kutoka wapi, akaegesha hapo. Mihogo ikaingia kwenye mafuta, pilipili na ndimu vikafuata. Ndani Ulaya wanapiga kona, nje harufu inapenya kwenye nyufa za mabati. Kijana mmoja akatoa kichwa. "Shangazi, nipimie."

"Hapa sipimi, baba. Ninapimia uwanjani."

Akasukuma mkokoteni polepole, karai linafuka moshi. Vibanda saba alivipitia, na vyote saba vikamwagika. Mwenye kibanda cha mwisho alizima televisheni mwenyewe, akafuata nyuma. Wakaingia langoni vijana elfu moja na ushei, wanameza mate.

Mwajabu alikuwa ameanza tangu Jumatano, maana umbea hauivi kwa siku moja. Alivuka daraja, akaketi kwa msusi mmoja wa Kibaoni, akafumuliwa nywele alizosuka jana yake. Akanong'ona: "Mwanangu, usimwambie mtu. Kipa wetu Shomari kachumbia wasichana wawili. Wote wanakuja Jumamosi, na hakuna anayejua habari za mwenzake."

Msusi hakumwambia mtu. Alimwambia dada yake tu. Jumamosi daraja likafurika watu wa Kibaoni, jezi za Radi wamezivaa kwa ndani. Wakaingia langoni elfu moja na ushei, shingo zimerefuka kwa kutafuta wachumba. Ilikuwa kweli? Nitasema hili tu: wasichana waliojitokeza walikuwa watatu.

Mechi tulifungwa mawili bila, maana Shomari macho yalikuwa kwa wale wasichana. Nani alijali? Watu wote walikuwa wanamtazama karani wa chama, aliyekaa langoni na ndoo ya vipande vya tiketi. Akahesabu, akarudia kuhesabu, akasimama.

"Elfu tatu, mia moja, kumi na watatu."

Lo! Mji ulilia kwa furaha kama msiba. Kesho yake ukuta wa Kibaoni ulikuwa umepakwa chokaa wote, tarakimu hata moja haionekani.

Lakini siku ileile, jukwaani, mambo yalikuwa mengine.

"Nipisheni nikae," Somoe akasema. "Bila sauti yangu mngehesabu wanaume na mbuzi wa mwalimu."

"Sauti imemshibisha nani?" Sikudhani akamjibu, upawa bado mkononi. "Wako walikuja kuonyeshana nguo. Wangu wameiacha Ulaya! Nani mwingine hapa kaishinda Ulaya?"

Mwajabu akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nyinyi wenzangu mmeokota watu wa hapa hapa. Mimi nimemvusha adui daraja, nikamhesabia kwetu."

"Na kumwaibisha kijana wa watu?" Somoe akadakia.

"Kajiaibisha. Mimi nilisema wawili!"

Mzee Mdimu akajifuta jasho. Ukimtoa Somoe, tumeshindwa. Ukimtoa Sikudhani, tumeshindwa. Ukimtoa Mwajabu, tumeshindwa, tena na Kibaoni wanatucheka. Akamgeukia karani amsaidie.

Karani akakohoa. "Samahanini. Mmewapita Radi kwa mtu mmoja tu. Na huyo nakumbuka nilivyomchania tiketi, maana lango lilikuwa limeshaanza kufungwa. Ni yule bibi pale."

Wote wakanigeukia.

Ndiyo, nilikuwa mimi, Havijawa, wa ua uleule. Nilikuwa nimeapa siendi. Nilikaa barazani kuchambua mchele, na kila kigelegele cha Somoe kilipopanda, nilitupa punje nzima nikabakiza chenga. Harufu ya Sikudhani ilinipitia puani, kipande hakuniachia. Mwajabu naye Jumatano alipita mlangoni kwangu akielekea darajani, asininong'oneze lolote. Mimi, niliyemfundisha! Moyo ukaniambia: nenda kawaone wakiaibika. Nikakimbia, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, nikapenya langoni kwa ubavu. Ningekuwa na roho nyeupe ningebaki na mchele wangu, tukalingana, na leo Nyuki wangekuwa wageni Kibaoni.

"Huyu kaletwa na kijicho!" Sikudhani akapiga kelele.

"Na nyinyi mlikuja kwa mapenzi ya mpira?" nikamuuliza. "Haya, nani kati yenu anajua tulifungwa mangapi?"

Somoe akaangalia ngoma yake. Sikudhani akaangalia upawa. Mwajabu akamnong'oneza karani: "Mangapi?"

Basi kiti kimeletwa, kipo kivulini, nailoni ya dukani haijavuliwa. Fundi rangi anatazamana nacho siku tatu hizi, mgongo wa kiti bado mtupu. Msimu unaanza kesho. Mzee Mdimu kachoka, kasema jina lisipopatikana leo, kiti atakikalia mke wake, ambaye siku ya mechi alikuwa kwao anakunywa uji. Hilo ndilo jambo pekee tunalokubaliana sote wanne: yule, hapana!

Haya, jamani. Yuko aliyewatoa wanawake jikoni, yuko aliyewatoa vijana Ulaya, yuko aliyewatoa maadui kwao, na yuko aliyejileta mwenyewe, peke yake, kwa wivu wake. Fundi kachovya brashi, rangi inadondoka. Msinitazame mimi usoni, semeni: angekuuliza wewe, ungemwambia aandike jina la nani?