Kamba ya Mafundo na Kibuyu cha Fisi

Mwaka ule mvua iliruka msimu mmoja, kisha ikazoea. Nyika nzima ikabaki na chemchemi moja, na wanyama wakawa wanakunywa kwa zamu, kila ukoo siku yake. Kazi ikawa kuikumbuka siku yenyewe.

Wengi walitumia kibuyu cha Fisi: unatia kokoto kwa hesabu ya siku zilizobaki, na kila alfajiri unatoa moja. Nungunungu alitumia kamba ya mafundo, aliyoibuni marehemu mkewe. Kila alfajiri unafungua fundo moja. Kamba ikinyooka, unakwenda kunywa. Nje ya nyumba yake, waliokuwa na kamba kama hiyo ni Kobe na Kanga tu.

Haikupita siku bila koo mbili kugongana chemchemini, kila mmoja ukiapa kuwa zamu ni yake. Simba, ambaye hapendi kelele isiyo yake, akanguruma:

"Kuanzia mwezi ujao kifaa kiwe kimoja, kile kinachopendwa zaidi! Mwenye kukitengeneza atakunywa wa kwanza kila siku. Vingine vyote vichomwe."

Nungunungu alihisi miiba ikimsimama. Kamba ya mkewe ilikuwa bado inaning'inia mlangoni, na mafundo manne ambayo homa haikumpa nafasi ya kuyafungua.

"Tutajuaje kinachopendwa?" akauliza Kobe.

Sungura akaruka mbele. "Mtukufu, rahisi! Kinachopendwa hutajwa. Kasuku akae chemchemini siku saba, ahesabu kila kifaa kimetajwa mara ngapi."

"Kifaa kizuri hakina maneno mengi," akasema Nungunungu.

"Lazima useme hivyo, bwana! Wateja wako wawili, na mmoja ni Kobe. Akianza leo kukusifu, atamaliza baada ya mvua."

Wanyama wakacheka. Simba naye akakubali, maana kuhesabiwa mambo aliona ni jambo la kifalme.

Siku ya nane Kasuku akatoa hesabu. "Kibuyu cha Fisi, mara mia tatu na kumi na mbili. Kamba ya mafundo, mara mbili."

Fisi alikuwa ameshapiga hatua tatu kuelekea majini.

"Leteni moto," akasema Simba.

"Mzee Simba," akasema Nungunungu, sauti yake ikiwa ndogo lakini haitetemeki, "umesikia idadi. Naomba Kasuku atuambie na maneno yaliyosemwa."

"Ya nini?" akadakia Sungura. "Hesabu ni hesabu!"

"Unanichagulia cha kusikia?" Simba akamgeukia. "Kasuku, sema."

Kasuku hasahau neno, wala hachagui. Akaanza kwa sauti ya Nyumbu: "Kibuyu cha Fisi kimemwaga kokoto zote, hata sijui leo ni siku gani!" Kisha ya Pundamilia: "Jamani, nani kaona kifuniko cha kibuyu cha Fisi?" Kisha ya Ngiri: "Kibuyu cha Fisi kimeletwa bila kifuniko, na mdomoni kina alama za meno!"

Macho yote yakamwangukia Fisi.

"Vifuniko vilikuwa vya ngozi," akanong'ona Fisi. "Ngozi nzuri."

Kasuku hakupumzika. Akaigiza Sungura: "We Fisi, pita hapa kila asubuhi, ukitaje kibuyu cha Fisi mara kumi. Maji ya kwanza tutagawana." Halafu ikatoka sauti nene: "Kibuyu cha Fisi kimeniaibisha! Mimi, mfalme, nimekuja siku ya Mbweha!"

Simba akakohoa. "Hilo la mwisho halikuwa la lazima. Na kamba?"

Kwa sauti ya Kanga: "Kamba ya mafundo imenyooka, wanangu, twendeni tukanywe." Kwa sauti ya Kobe: "Kamba ya mafundo? Ipo nyumbani. Kwani imefanya nini?"

Moto ukawashwa, ukala vibuyu. Fisi na Sungura wakapewa kamba moja ya pamoja, yenye mafundo mengi kuliko zote. Nungunungu akashinda mlangoni pake akiwafundisha majirani kufunga fundo, polepole, kama alivyofundishwa.

Tangu hapo, ukiwaambia wanyama wa nyika kwamba kitu fulani kinatajwa sana, watakuuliza kwanza kinatajwa kwa lipi.

Kasuku alikaa chemchemini siku saba nyingine, kwa mazoea. Kamba ya mafundo haikutajwa hata mara moja. Kila ukoo ulifika siku yake, ukanywa, ukaenda zake.