Programu Iliyogoma Kila Asubuhi

Wewe uliye na watu chini yako, soma hii taratibu kabla hujairusha kwenye grupu.

Katika zahanati moja ya milimani kulikuwa na dada wa mapokezi aitwaye Tumpe. Kila asubuhi akiwasha kompyuta yake, kila kitu kinakubali isipokuwa programu moja ndogo, ile inayofanya kazi kimyakimya kuleta mafaili ya wagonjwa. Hiyo inajaribu kuamka, inashindwa, inanyamaza. Kina mama wenye watoto wa homa wanabaki kwenye benchi wakimsonya yeye.

Mganga mfawidhi, Dakta Lwitiko, alikuwa mtu wa kufika baada ya chai. Akishafika, Tumpe akizima kompyuta na kuiwasha upya, programu inakubali bila shida.

"Mnaona?" Dakta anasema mbele za watu. "Nisipokuwepo, kazi haziendi. Binti, unanichezea wewe!"

Maskini Tumpe, angejibu nini? Hata yeye alianza kuamini kwamba ana mkosi na mashine.

Siku moja mtoto akashikwa degedege palepale kwenye benchi, faili lake likisubiriwa. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini Dakta aliwaka.

"Namwita fundi. Akisema kompyuta ni nzima, wewe Tumpe unafungasha."

Fundi Anyelwisye alifika mapema, Dakta hajaja. Akawasha kompyuta ya mapokezi, programu ikagoma. Akasoma maneno ya kosa kwenye kioo, akaguna, kisha akaenda kukaa na wagonjwa.

Dakta akaja, akafungua ofisi yake, akabonyeza swichi ya ukutani. Fundi akamfuata.

"Dakta, jioni huwa unazima hiyo swichi?"

"Lazima! Umeme wa huku unauamini? Mashine kuu iko humu. Nazima, nafunga, ufunguo nautia mfukoni."

Fundi akashusha pumzi. "Mafaili yote yako kwenye hiyo mashine kuu. Ile programu ya mapokezi ikiamka, inaitafuta hiyo kwanza. Inakuta umeizima. Inajaribu, inajaribu, inakata tamaa. Mpaka uje wewe, halafu iwashwe upya."

"Kwa hiyo kompyuta yake..."

"Nzima. Na Tumpe hana kosa. Unasema usipokuwepo kazi haziendi? Ni kweli kabisa, Dakta. Umezifungia humu ndani."

Dakta akatoka mpaka mapokezi, mbele ya watu walewale waliozoea kumsikia akifoka.

"Tumpe, mwanangu, nimekuonea. Nisamehe." Akamkabidhi ufunguo wa ofisi. "Kuanzia kesho utafungua wewe."

Tumpe aliangua kilio. Mama mmoja akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake, na hakuna aliyelalamika kwamba foleni imesimama.

Funzo: Kabla hujamwita mtu mzembe, hakikisha kile anachokihitaji ili afanye kazi hujakifungia wewe mwenyewe.